Kidari cha Baba

Uru, 3 Mei 1949

Kaka Primus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Usishtuke, baba hajafa. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu tu moyo unaruka, maana mimi si mtu wa kuandika. Baba ameanguka kwenye mfongo. Nimemwambia mara ngapi kazi ya kuzibua ule mfereji aniachie mimi, masika hii mawe yanateleza kama sabuni, lakini baba unamjua. Akanijibu, "Wewe umezaliwa jana, maji haya nayaongoza tangu enzi za Mjerumani." Hajamaliza kusema, chini! Ningecheka, ila nililisikia paja lake likivunjika. Nilisikia kwa masikio haya, kaka.

Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, mimi na majirani, akitutukana njia nzima, mara tunamtikisa, mara tunatembea kama tunapeleka maiti. Lori la mtu likatushusha Moshi. Sasa amelazwa hospitalini, wodi ya wanaume. Daktari anasema mfupa wa mzee hauungi upesi, atakaa miezi. Mke wangu Margareta anashuka kila siku na mtori, mimi nashuka nikitoka shambani.

Kihamba chako cha chini nimekipalilia. Migomba imeanza kuzaa, kwa hiyo usiseme mdogo wako ni mvivu. Mke wangu anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Sirili Kornel


Tanga, 9 Mei 1949

Sirili,

Milele, amina.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Unaandika kama mtu anayesimulia ngoma ya harusi! Mzee wa umri ule anaingia mfereji wakati wa masika, na wewe umesimama kando unatazama? Mikono yako ilikuwa wapi?

Baba alikupa nyumba, alikupa kahawa, alikuweka karibu yake kwa sababu wewe ni kitindamimba, ndiyo desturi yetu, sikulalamika. Mimi nilipewa kipande cha chini chenye mawe, nikafunga mzigo nikaja huku kuhesabu magunia ya watu stesheni. Sawa. Lakini aliyepewa nyumba amepewa na mzee aliye ndani yake. Kikimpata kitu, sitakuja kukuuliza kwa mdomo.

Mpelekee shikamoo yangu. Mwambie nitaomba ruhusa kazini. Na uniandikie kila kitu, usinifiche hata neno moja.

Kaka yako,
Primus


Uru, 13 Mei 1949

Kaka Primus,

Shikamoo.

Ulisema nisifiche, basi sifichi. Leo sina mzaha. Baba si yeye.

Ilianza jua likizama. Aliniuliza kwa nini tumeingiza mbuzi ndani ya nyumba ya watu. Mbuzi hapakuwa. Nikadhani anatania, nikamwambia nitawatoa. Akasema, "Huyo mweupe yuko nyuma yako," akamrushia bakuli nesi.

Siku iliyofuata ndiyo sitaki kuikumbuka. Lazima ujue jinsi walivyomlaza: ule mguu wameuinua juu, umefungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo, na mwisho wa kamba unaning'inia uzito wa chuma, ili mfupa uvutike ukae mahali pake. Dresa mmoja wa pale anayefunga vidonda, Mikidadi, kijana mpole sana, aliinama kumpa maji. Baba akaivuta ile kamba, akaudaka uzito, akampiga nao usoni. Kaka, ngozi ilifunguka juu ya jicho mpaka nikaona mfupa. Damu ilifika ukutani. Kabla hatujajua la kufanya, baba amemkamata Margareta nywele, amemvuta, amemng'ata sikio. Amelikata kipande. Baba yetu huyu aliyekuwa akimwita mwanangu! Tulimshika watu watatu na bado alitushinda, mzee mwenye paja lililovunjika, sijui nguvu ile ilitoka wapi. Mwisho mikono yake nimeifunga kitandani mimi mwenyewe, kwa vitambaa vya shuka, nikilia kama mtoto. Akanitazama akasema, "Kumbe ni wewe uliyeshika kisu."

Wazee wa ukoo wakashauri tuchinje beberu. Nimechinja. Kidari nikakichemsha, nikampelekea baba kwa kuwa ni sehemu yake, nikafika mlangoni wananizuia, eti nyama ile hapewi mgonjwa. Kukirudisha Uru kwa jua lile kingeharibika. Mimi nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nikakaa nje ukutani nikakila. Najua desturi, usinisomee. Najua nyumbani kwetu mtoto hali kidari mpaka baba amezikwa. Lakini ningekitupa? Nilipoingia, baba akanusa mikono yangu, akaanza kupiga kelele upya. Wodi nzima ilisikia.

Daktari mwenyewe nitamwona kesho kutwa, nimuulize huu ni wazimu au ni kitu gani. Wengine wananong'ona kwamba atapelekwa Dodoma kwa vichaa. Mimi sikubali, labda wanipitie mimi kwanza. Niombee.

Sirili


Hospitali, Moshi, 16 Mei 1949

Kwa Bwana Primus Kornel, Stesheni, Tanga

Assalaam aleikum.

Bwana, hunijui. Mimi ni Khamisi Mashaka, fundi cherehani hapa mjini Moshi. Nimelazwa kwa jipu la paja, kitanda changu kinapakana na cha mzazi wako. Asubuhi hii mzee ameniita kwa adabu, ameniuliza hali, ameniuliza watoto wangu, kisha akaomba nimwandikie barua kwa kuwa najua herufi. Amekunywa uji, ametulia. Naandika kama alivyotamka.

"Primus mwanangu, njoo. Sirili ameniuza kwa wachinjaji. Wamenitundika mguu juu kama beberu anayengoja kuchunwa, kamba naiona kwa macho yangu. Mikono amenifunga yeye mwenyewe. Wale wanawake wa nguo nyeupe wanakinga damu yangu kwenye chupa, wanataka kupika supu ya kisusio. Kidari changu amekwisha kula nami napumua. Mama yako alikuja jana, akakaa hapa miguuni, akasema nikuite wewe. Ukichelewa utakuta ngozi. Anayekula kidari cha baba aliye hai si mtoto. Mwondoe katika kihamba changu, mwondoe kabisa. Nimesema mimi Kornel, nina akili zangu."

Bwana, hayo ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Mambo ya nyumbani kwenu siyajui, na jioni mzee huwa mwingine. Ila sitasema uongo: kamba ipo, mikono amefungwa, na damu wanamtoa kweli.

Wako,
Khamisi Mashaka


Tanga, 20 Mei 1949

Sirili,

Sikusalimu.

Barua ya baba ninayo. Ndiyo, ameniandikia! Hukujua, eh? Ulidhani ukimfunga mikono umemfunga na ulimi. Amepata mtu baki, Mswahili wa mjini asiyetujua, amemwandikia neno kwa neno akiwa ametulia na uji wake tumboni.

Nimeziweka barua zenu mbili mezani, yako na yake. Hazipingani popote! Anasema umemfunga, na wewe unasema umemfunga. Anasema ametundikwa mguu, na wewe unasema ametundikwa mguu. Anasema umekula kidari chake yungali hai, na wewe unasema ulikaa ukutani ukakila. Tofauti ni moja tu: wewe unaeleza vizuri. Mfupa gani duniani unaungwa kwa kumning'iniza mtu? Nimemuuliza mlinzi wetu hapa, mzee aliyewahi kubeba majeruhi wa vita, amecheka.

Na mama amekwenda kumkalia miguuni. Mama tuliyemzika! Marehemu hatoki kaburini kwa mchezo. Wewe hilo halikukutisha, uliendelea kutafuna.

Ungesema unataka na kipande changu cha mawe, ningekupa. Ungesema unataka kahawa yote, chukua! Lakini baba? Umeshindwa kungoja hata afe?

Ruhusa nimenyimwa. Sijali, nakuja hivyo hivyo. Ameniambia nikuondoe, nitakuondoa. Mwambie mkeo aende kwao, sitaki aone.

Primus


Uru, 24 Mei 1949

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakusalimu ingawa hukunisalimu.

Nimeisoma barua yako mbele ya Margareta. Anasema nikimbilie kwa wajomba mpaka hasira ikuishe. Nikimbie nini? Nikimkimbia kaka yangu mwenyewe, nimeshakubali kwamba nimefanya. Siendi popote.

Nimezungumza na daktari, na sikiliza sana, Primus, tafadhali. Anasema huu si wazimu. Ni akili inayovurugika kwa mzee aliyepata maumivu makali na homa, akalazwa mahali asipopajua, hapati usingizi, haoni sura za kwao. Anasema inakuja na kuondoka: asubuhi anaongea na wewe vizuri mpaka unafikiri amepona, jua likishuka anarudi kule kule. Na hata hiyo asubuhi anaweza kusema kitu kisichokuwepo, kwa sauti ya mtu mzima kabisa. Dodoma hapelekwi. Damu wanamtoa ili kuipima. Amesema dawa kubwa ni sisi, tukae naye, tumtajie siku, tumtajie majina yetu. Na inapita, kaka! Jana ameniita Sirili. Alisema neno moja tu, kisha akalala, na mimi nikatoka nje nikalia.

Hata hao mbuzi anaowaona, fikiri kidogo. Mtu amechinja maisha yake yote, anaamka anajikuta mguu uko juu kwa kamba. Angefikiri nini kingine?

Nakuomba jambo moja tu. Ukishuka stesheni usipande Uru. Nenda hospitali kwanza, kaa naye jioni moja, uone kwa macho yako. Baada ya hapo, ukitaka kunipiga, nipige, mimi ni mdogo wako. Kuhusu kidari nimekosa, nakubali, nitatoa mbuzi mbele ya ukoo.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe sasa hivi, ndani ya mvua. Mungu ajalie ikukute.

Sirili wako


Hospitali, Moshi, 9 Juni 1949
(Imeandikwa na Khamisi Mashaka kwa kauli ya Mzee Kornel)

Sirili mwanangu,

Uko wapi, wewe? Nimemuuliza Margareta, anasema una kazi ya kahawa. Kazi gani hiyo ya kukufanya usahau baba yako? Margareta mwenyewe amekonda, anageuza uso ukutani. Mmegombana? Kama mmegombana, wewe ndiye mkosaji, nenda ukamwombe msamaha.

Wameniambia nilikuwa nimepotea akili. Mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka maji ya mfongo, halafu nakumbuka asubuhi moja nimeona dirisha, na kijana mwenye bandeji jichoni ananilisha. Nimemuuliza nani amekupiga, akacheka tu. Watu wema hawa.

Kama nilikutukana nikiwa katika hali ile, usiweke moyoni. Nani anayejua mgonjwa anasema nini? Sikuwa mimi.

Mwandikie kaka yako Tanga, umwambie baba amepona, asipoteze kazi yake kwa ajili yangu. Nilimpa kipande kibaya yule mtoto, mara nyingi nimekifikiria hapa kitandani. Nikitoka tutakaa watatu tugawe upya, na wewe usinune.

Njoo kesho. Njoo na tumbaku.

Baba yako,
Kornel


Uru, 12 Juni 1949

Kwa Primus Kornel, mahabusu, Moshi

Sikuiti shemeji. Ulikwisha kuukata undugu huo.

Nimekutilia humu barua ambayo baba amemwandikia Sirili. Isome yote, usiruke hata mstari mmoja. Nimeshindwa kumpelekea mwenyewe, na wewe ndiye unayejua alipo.

Kila mtu anajifanya hakuona. Mimi niliona. Hukupita hospitali. Alikuwekea barua posta uende hospitali kwanza, na ile barua ilikupita njiani, ilikwenda Tanga ikakukosa. Ulitokea kwenye migomba huna hata kofia, panga unalo, naye akatoka kukupokea. Alisema, "Karibu kaka." Mkono wa kwanza ulioukata ulikuwa umenyooshwa kukusalimu. Aliangalia mkono wake chini, akakuangalia wewe, akasema, "Primus, subiri." Hukusubiri. Ulimkata shingo. Alipoanguka ulimfuata chini ukaendelea, nami nimeng'ang'ania mgongo wako nakung'ata, na hukunisikia. Ulikuwa unasema, "Baba amesema, baba amesema." Nilimkusanya mume wangu kwa majani ya migomba. Ujue hivyo kila ukila.

Sasa sikia. Baba amepona akili kabisa. Dresa na manesi wamemficha, padri amemficha, lakini hatuwezi kumficha siku zote. Anamwita Sirili asubuhi na jioni. Khamisi fundi cherehani amekuja kwangu akilia, anasema mkono wake ukatwe, anataka kwenda kwa polisi kuwaambia juu ya ile barua aliyokuandikia. Watu wanaojua mambo ya mahakama wanasema ikisomwa mbele ya jaji huenda usinyongwe, watasema ulidanganyika kwa kauli ya mgonjwa. Najua barua unayo. Ulikuwa umeishonea ndani ya koti, niliiona ulipokuwa unafungwa pingu.

Lakini ikisomwa, baba ataitwa kuulizwa. Atasimamishwa mbele ya watu na fimbo zake, ataambiwa kwamba yeye ndiye aliyesema mwanawe aondolewe. Hakumbuki hata neno. Daktari ameniambia wazi, mzee huyu hatastahimili.

Mimi natamani unyongwe, sikufichi. Nalala nikiomba hivyo, naamka nikiomba hivyo. Lakini sitaki baba afe kwa maneno ambayo hayakuwa yake. Wewe una barua inayoweza kukuokoa, na yeye hana kitu. Na ni wewe utakayemwambia kwamba Sirili amekufa, kwa maneno yako, mimi nitamsomea.

Margareta, mjane wa Sirili


Mahabusu, Moshi, 15 Juni 1949

Margareta,

Ile barua iliyokuwa kwenye koti nimeichana vipande, nimetia kwenye ndoo ya choo, ndoo imemwagwa. Mwambie Khamisi anyamaze. Mwambie hakuwahi kuniandikia, na akiulizwa aseme hanijui. Mkono wake hauna kosa.

Jana wameniuliza tena sababu. Nimewapa, wameandika, nimetia sahihi. Ni hiyo hiyo utakayoisoma humu kumsomea baba. Si uongo wote. Tangu siku alipogawa vihamba nilikuwa nangoja kusikia Sirili amefanya ubaya, ndiyo maana niliusikia upesi hivyo.

Sikuombi msamaha. Msomee polepole.

Primus


Mahabusu, Moshi, 15 Juni 1949

Baba,

Shikamoo.

Nimefurahi kusikia umepona. Sirili hatakuja, Baba. Amefariki, na aliyemuua ni mimi, kwa panga, nyumbani kwako, mbele ya mke wake. Margareta hakukuficha kwa ubaya, alishindwa kutamka.

Sababu ni kihamba. Niliona umempa yeye nyumba na kahawa, mimi ukanipa mawe, nikakaa nalo miaka yote Tanga bila kukuambia. Nikapanda treni nikaja kudai sehemu kubwa. Yeye hakukataa, Baba, wala hakuinua mkono. Alinikaribisha. Nilikuwa nimelewa na nina hasira, nikamkata. Mdogo wangu hakuwa na kosa lolote, si la ardhi, si la kwako. Alikuuguza vizuri mpaka mwisho. Kila siku alishuka mjini na kupanda kwa miguu kwa ajili yako, na barua zake zote zilikuwa ni habari zako tu.

Kile kipande changu cha chini mpe Margareta. Alikipalilia yeye na mumewe.

Mahakamani usije. Hawakuhitaji, nimekwisha kukiri kila kitu, na wewe huna unalolijua, ulikuwa hospitali umelala. Mtu akija kukuambia kulikuwa na sababu nyingine, au kwamba kuna maneno yalisemwa, mfukuze, anakudanganya. Hakuna aliyenituma, Baba. Nilikuja mwenyewe.

Mwanao,
Primus